Hampi haikuanguka kwa siku moja

Tarehe 21 Mei 2024 mvua nzito ilinyesha Hampi, katika jimbo la Karnataka kusini mwa India, na sehemu ya baraza la nguzo za mawe kwenye mtaa wa mbele ya hekalu la Virupaksha ikaporomoka. Picha za nguzo zilizolala chini zikasambaa, na maelezo mawili yakapata wasikilizaji wengi. Ya kwanza yalisema mvua ilizidi kipimo. Ya pili yalirudi nyuma karibu miaka 460: mji huu ulivunjwa katika vita vya mwaka 1565, kwa hiyo kinachoanguka leo kilikwisha kufa siku ile. Maelezo yote mawili yana kasoro moja, kwamba hayamwachii mtu yeyote aliye hai kazi ya kufanya. Msimamo wangu ni kwamba Hampi inaharibika hasa kwa mambo yanayozuilika: maji yanayoingia juu ya paa na kukosa pa kutokea, matengenezo ya saruji yanayogombana na jiwe na chokaa ya zamani, na kuondolewa kwa watu waliokuwa wakiyatazama majengo kila siku bila kuwekwa wengine wa kushika zamu yao. Vita viliuumiza mji vibaya, lakini sehemu kubwa ya hasara iliyofuata ni ya kuachwa bila matunzo.

Hampi ni jina la kijiji kilichobaki ndani ya magofu ya Vijayanagara, makao makuu ya dola la Kihindu lililotawala sehemu kubwa ya kusini mwa India. Ndugu wawili, Harihara na Bukka, ndio wanaotajwa kuliasisi mwaka 1336 kwenye kingo za mto Tungabhadra, na baada yao koo nne zilipokezana kiti: Sangama, Saluva, Tuluva na Aravidu. Abdur Razzaq, balozi aliyetoka Herat, alifika mwaka 1443 akaeleza mji wenye kuta saba za ngome, moja ndani ya nyingine. Mreno Domingo Paes aliuona karibu mwaka 1520, enzi za mfalme Krishnadevaraya, akaulinganisha na Roma kwa ukubwa. Mji ulilishwa na mifereji na mabwawa ya kumwagilia, na jeshi lake lilitegemea farasi walioletwa kwa bahari kutoka Hormuz na Uarabuni, biashara ambayo Wareno waliishika kooni walipoiteka Goa mwaka 1510. UNESCO iliuorodhesha mwaka 1986, na inahesabu zaidi ya mabaki 1,600 katika eneo la hekta 4,187. Mengi kati ya hayo hayana mlinzi wala fundi wa kudumu, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Tuanze na hoja ya vita, kwa kuwa ndiyo yenye nguvu zaidi. Januari 1565 masultani wa Dekani, uwanda wa juu wa kusini mwa India, yaani wa Bijapur, Ahmadnagar, Golconda na Bidar, waliunganisha majeshi dhidi ya Rama Raya, aliyeshika madaraka ya Vijayanagara kwa niaba ya mfalme, katika vita vinavyojulikana kwa jina la Talikota. Rama Raya alikamatwa akakatwa kichwa, ndugu yake Tirumala akakimbilia Penukonda na hazina, na mji ukaporwa kwa miezi. Wachimbaji wa akiolojia wamekuta dalili za moto juu ya majukwaa ya mawe ya majumba ya kifalme, maana kuta na paa za majumba yale zilikuwa za mbao. Sanamu ya Narasimha, mungu mwenye kichwa cha simba, yenye kimo cha mita 6.7, iliyochongwa mwaka 1528 kutoka mwamba mmoja, imevunjika mikono, na Lakshmi, mke wake, aliyekuwa pajani mwake hayupo tena. Anayesema Hampi haikuvunjwa kwa makusudi anafumba macho. Ila wanaoligeuza tukio hilo kuwa dini moja kuivamia nyingine wanakuta ushahidi unawakataa. Jeshi la Vijayanagara lilikuwa na makamanda Waislamu. Ibrahim Qutb Shah, mmoja wa masultani walioshinda, alikuwa amepewa hifadhi na kula mkate wa mji huohuo kwa muda wa miaka saba kabla hajatawala Golconda. Msikiti wa Ahmad Khan wa mwaka 1439, ulio ndani ya mji, una maandishi yanayoutolea thawabu kwa mfalme Deva Raya wa Pili, na umejengwa kwa nguzo na boriti kama ukumbi wa hekalu. Mazizi ya tembo yenye vyumba 11 na kuba zake, pamoja na jumba la matao linaloitwa Lotus Mahal, yanaonyesha mafundi wakitumia chokaa na matao ya Kidekani kwa mfalme wa Kihindu. Majengo hayo ya chokaa yamo miongoni mwa yaliyosimama vizuri kuliko yote, jambo ambalo nitalirudia.

Ushahidi mwingine uko wazi zaidi, na nashangaa unavyotajwa mara chache. Cesare Federici, mfanyabiashara wa Venice, alikaa mjini humo mwaka 1567, miaka miwili baada ya uporaji. Aliandika kuwa nyumba bado zimesimama, ila ni tupu, na inasemekana wanaokaa ndani ni chui milia na wanyama wengine wa mwituni. Miaka karibu 300 baadaye, mwaka 1856, Alexander Greenlaw alipiga picha za magofu haya. Katika picha yake ya gari la jiwe la hekalu la Vitthala, kijihekalu kilichochongwa mfano wa gari la sherehe lenye magurudumu, kinaonekana kimnara cha matofali na lipu juu ya paa. Leo kimnara hicho hakipo. Gari linaloonekana kwenye noti ya rupia 50 iliyotolewa mwaka 2017, ambalo kila Mhindi analijua, ni gari lililokatwa kichwa baada ya 1856, na hakuna sultani aliyehusika. Sasa tazama upande wa pili. Mnara wa lango la mashariki la Virupaksha, wenye ngazi tisa na urefu wa karibu mita 50, una chini yake jiwe na juu yake matofali na lipu kama kile kimnara kilichopotea. Umesimama kwa sababu ibada haikukatika hapo, na waumini waliukarabati katika karne ya 19. Vifaa ni vilevile na mvua ni ileile. Kilichotofautiana ni kuwepo kwa mtu wa kupanda juu na ndoo ya chokaa.

Ili kuelewa kwa nini ndoo hiyo ni muhimu, lazima ujue majengo haya yanavyosimama. Jiwe la Hampi ni itale, na linapatikana papo hapo, milima mizima ya mawe yaliyopandiana. Fundi alitoboa mstari wa matundu kwenye mwamba, akapigilia kabari moja baada ya nyingine mpaka jiwe likapasuka kwa mstari ulionyooka. Alama za matundu hayo bado zinaonekana kwenye mawe yaliyojengewa. Nguzo husimamishwa juu ya jiwe la msingi, juu yake huwekwa kichwa chenye mikono ya kupokea boriti, halafu boriti, halafu vibamba vya kuezekea. Kati ya jiwe na jiwe mara nyingi hakuna cha kugundisha. Kinachoshikilia yote ni uzito na usawa wa timazi. Mita moja ya ujazo ya itale ina uzito wa tani 2.6 hivi, kwa hiyo boriti ya urefu wa mita 3 yenye upana na kimo cha sentimita 40 inapita tani 1.2. Itale hubeba mzigo mkubwa sana ikigandamizwa, lakini ikivutwa au kupindwa nguvu yake hushuka chini ya sehemu ya kumi ya hiyo. Ndiyo maana nguzo hazipasuki ovyo, ila boriti hufanya ufa kwa chini, katikati, pale inapopindwa. Na nguzo ikilala nje ya timazi kwa sentimita chache tu, boriti hupoteza sehemu ya mahali inapokalia, na mzigo wote huhamia ukingoni mwa kichwa cha nguzo, ambako jiwe humeguka.

Juu ya vibamba ndipo penye siri ya uhai wa jengo. Mafundi wa zamani walilaza tabaka la vipande vya matofali na chokaa, wakalipiga kwa vibao vya mbao siku kadhaa mfululizo mpaka likashikana, wakalipa mwinamo kidogo kuelekea kwenye milizamu. Tabaka hilo likipasuka na kuachwa, maji huingia na kukaa. Chukua paa la mita 10 za mraba lenye tabaka la sentimita 30: hizo ni mita 3 za ujazo. Likinyonya maji sehemu moja ya kumi ya ujazo wake, umeongeza kilo 300 juu ya boriti ambazo huenda zimeshafanya ufa. Maji hayohayo huchuja kupitia maungio, yakachukua udongo mwembamba uliojazwa nyuma ya kuta, na kushuka hadi chini ya nguzo, ambako huulainisha udongo wa msingi. Ndege huleta mbegu za miti ya jamii ya mkuyu, mbegu ikaota kwenye ufa wenye unyevu, na mzizi ukinenepa husukuma jiwe taratibu, milimita baada ya milimita, mwaka hadi mwaka. Siku jengo linapoanguka, mvua ya siku hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye taarifa, ilhali mzizi na mlizamu ulioziba vilikuwa kazini miaka ishirini.

Hapa ndipo hoja ya kwamba mvua ilizidi inapodhoofika. Kweli, mvua za Aprili na Mei, zinazotangulia pepo za kusi, huja kwa vishindo, na anayesema tabianchi inabadilika hakosei. Lakini ukingoni mwa Tungabhadra upo ukumbi wa Purandaradasa, wa nguzo za mawe na paa la vibamba kama mabaraza ya sokoni. Kila mara bwawa la Tungabhadra, lililo upande wa juu wa mto karibu na mji wa Hospet, linapofungua milango mingi, ukumbi huo huzama, na maji ya mto hupita kati ya nguzo zake kwa nguvu kuliko mvua yoyote. Yakipungua, ukumbi unaonekana umesimama. Umekaa kwenye ukingo wenye mwamba, hauna ukuta wa nyuma wa kushikilia udongo uliolowa, na maji yanayoingia hutoka bila kizuizi. Jengo la mawe halichukii maji yanayopita. Linauawa na maji yanayobaki. Anayelaumu wingi wa mvua aeleze kwanza kwa nini ukumbi unaozama haujaanguka, na baraza lisilofikiwa na mto limeanguka.

Matengenezo yenyewe yamechangia madhara, ingawa yalifanywa kwa nia njema. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kwa India na kwingineko, saruji ilionekana kuwa dawa ya kila ufa. Ni ngumu, inashika haraka, na inapatikana kila duka. Tatizo ni kwamba ni ngumu kuliko tofali la zamani na chokaa iliyo jirani yake, na haipumui. Unyevu ulioingia kwa njia nyingine hugonga mwamba wa saruji ukageukia kwenye tofali, ukabeba chumvi, na chumvi inapokauka huganda na kumenya uso wa tofali au lipu. Chuma cha kawaida kinachochomekwa kuunganisha nguzo iliyokatika nacho kikishika kutu hupanuka na kupasua jiwe kutoka ndani. Kinachofaa ni chuma kisichoshika kutu, kilichochomekwa kwenye tundu lililotobolewa katikati ya jiwe. Nguzo za matofali na za zege zilizoongezwa chini ya boriti zilizopasuka kwenye baadhi ya kumbi za Hampi, pamoja na ule wa Vitthala, zimeokoa boriti hizo zisianguke, na ningekuwa mkosefu nisipokiri hilo. Lakini mhimili ni bendeji. Ukikaa miaka hamsini bila boriti yenyewe kutibiwa, mzigo hujipanga upya kuufuata, na kuuondoa kunakuwa hatari kuliko kuuacha.

Chokaa nayo ina masharti yake, na hapo ndipo wakandarasi wa haraka wanapoharibu. Mawe ya chokaa yakishachomwa humwagiwa maji yakachemka na kupasuka, kisha rojo lake huachwa liloweke wiki kadhaa kabla ya kutumika. Likitumika mapema, punje ambazo hazikupasuka hupasukia ukutani na kuitoboa lipu. Kusini mwa India huchanganywa na mchanga na unga wa matofali ya kuchoma, na mafundi huongeza sukari guru na maji ya matunda ya haritaki yaliyolowekwa ili mchanganyiko ushikane na usipitishe maji upesi. Lipu hupakwa nyembamba kwa tabaka, kila moja ikipewa siku zake na kunyunyiziwa maji isikauke ghafla kwenye jua. Kazi ya saruji ya siku mbili huwa kazi ya chokaa ya mwezi. Fundi wa Lamu anayeijua chokaa ya matumbawe angeielewa kazi hii bila mkalimani, na wasimamizi wa Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu yaliyokaa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu 2004 hadi 2014, wanajua gharama ya kuiahirisha. Hampi yenyewe ilikuwa kwenye orodha hiyo tangu 1999 hadi 2006, lakini kwa sababu ya madaraja mapya yaliyojengwa ndani ya eneo. Daraja la Anegundi, lililozua mgogoro huo, lilianguka Januari 2009 kabla halijakamilika, likaua wafanyakazi. Dunia ilijadili daraja miaka mingi huku paa za mabaraza zikiota miti bila mjadala.

Suala linalogawa watu zaidi ni la wakazi. Mtaa wa Virupaksha, unaonyooka kutoka lango la hekalu hadi kwa ng'ombe dume wa jiwe chini ya kilima cha Matanga, ulikuwa soko enzi za dola, na katika karne ya 20 familia zilihamia ndani ya mabaraza yake zikafungua maduka, migahawa na nyumba za wageni. Julai 2011 tingatinga ziliingia, nyumba na maduka yakabomolewa baada ya notisi fupi mno, na waliohamishwa wakatafutiwa viwanja Kaddirampura, mbali na wageni waliokuwa wakiwalisha. Wanaotetea hatua hiyo wana hoja za kweli. Ndani ya mabaraza kulijengwa kuta za matofali, nguzo zilitobolewa kuingiza nondo na vyuma, moshi wa jikoni ulifunika michoro, na mashimo ya vyoo yalilowesha msingi mwaka mzima. Hoja ya wakazi nayo ni ya kweli: anayelala chini ya paa husikia linapodondosha maji, na hupanda kuziba. Kuta za kugawia vyumba, zikishakaa chini ya boriti kwa miongo, huanza kubeba sehemu ya mzigo, kwa hiyo kanuni ya ujenzi inataka kila ukuta unaobomolewa utanguliwe na mhimili wa muda, kisha boriti ipimwe. Tingatinga haipimi boriti. Kwangu kosa halikuwa kuviondoa vyoo na nondo. Hivyo vilistahili kuondoka. Kosa lilikuwa kudhani kwamba jengo lisilo na watu limeshahifadhiwa.

Ipo hoja nyingine, dhaifu kuliko zote, inayosema magofu ni magofu, uzuri wake uko katika kuanguka kwake, na atakayeyashika atayaharibu. Inavutia ukiwa juu ya Matanga alfajiri. Lakini gofu halibaki gofu kwa kuachwa. Linabaki gofu kwa kushikiliwa pale lilipofikia, na likiachwa huwa rundo la mawe ambalo hata mtaalamu hawezi kulisoma. Jiwe likianguka na kumeguka, michongo yake na alama za mahali pake hupotea. Bwawa la ngazi lililofukuliwa katika eneo la kifalme miaka ya 1980 linajulikana lilivyopangwa kwa sababu mawe yake yana alama za mafundi zinazoonyesha kila moja linakaa wapi. Kupaacha paanguke ni kuchoma nyaraka ambazo hazijasomwa.

Ikiwa hoja yangu ni sahihi, basi fedha za Hampi zinatumika kwa mpangilio usiofaa. Mashirika hayapungui: Taasisi ya Akiolojia ya India, idara ya akiolojia ya Karnataka, idara ya jimbo inayosimamia mahekalu, na mamlaka maalumu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Pia ipo sheria ya nchi inayokataza kujenga ndani ya mita 100 kutoka jengo la kale linalolindwa. Yote hayo yanamdhibiti mtu wa nje ya jengo, na hakuna kati ya hayo linaloling'oa chipukizi la mkuyu juu ya paa. Kazi hiyo inahitaji kikosi cha kudumu cha mafundi chokaa na wapanda paa, na ningependa waajiriwe kwanza kutoka familia zilizohamishwa, kwa sababu zinayajua mabaraza hayo moja moja.

Kila baraza lipewe namba na ukurasa wake. Mche ung'olewe ungali mwembamba kuliko kidole gumba. Uliokwisha kunenepa usivutwe, ukatwe na mzizi uuawe ndani, kwani kuuvuta hung'oa na jiwe. Mlizamu umwagiwe ndoo moja ya maji na kutazamwa kama yote yanatokea upande wa pili. Timazi ishushwe kwenye kila nguzo na kipimo kiandikwe, ili mwakani ijulikane kama imesogea. Kipande chembamba cha kioo kibandikwe juu ya kila ufa wa boriti. Kikipasuka, ufa unatembea, na mhimili uwekwe siku hiyohiyo. Mwishoni ardhi iliyo mbele ya nguzo iinamishwe ili maji yatiririke kuelekea katikati ya mtaa. Kwa mtaa wa Virupaksha wenyewe kalenda ni ngumu: sherehe ya gari la Virupaksha hujaza mtaa huo watu Machi au Aprili, na mvua za kwanza hazingoji Juni. Kuanzia siku gari linaporudishwa bandani hadi wingu la kwanza la Mei, mafundi wana wiki chache tu za kupanda juu.